Mbugo za Ma Paulina

Muleba, Jumamosi, Aprili 1969

Hakuna hata moja iliyolowa. Nimezikagua zote mara mbili.

Mkuu wa shule alitaka tupake rangi magunia ya kahawa. Nilikataa, kwa sababu mchezo wa nyimbo kuhusu ikulu ya zamani ya Wahaya hauvaliwi magunia. Ndipo tukakodi mbugo halisi, nguo za gome la mti, kwa Ma Paulina wa Ijumbi, ambaye amejiwekea nguo hizo kwa ajili ya maziko yake. Ujira alioukubali ni wanafunzi kupalilia kibanja chake cha migomba. Nilimwahidi kwamba hazitaguswa na maji, nami ahadi hiyo imeninyima usingizi wiki nzima.

Leo, katikati ya wimbo wa kutawazwa, mvua ilishuka uwanjani. Kabla sijafungua kinywa, mfalme alivua vazi lake, akalikunja na kulikimbiza darasani. Wenzake wote wakamfuata. Kisha walirudi mvuani na kaptula zao za shule, wakaumaliza wimbo bila kupoteza sauti. Hakuna mtazamaji aliyeondoka.

Ma Paulina alizipapasa nguo zake moja moja.

"Kavu kabisa, mwalimu. Mliolowa ni ninyi." Akamgeukia mfalme. "Na wewe, Omukama, kwa magoti hayo nani atakuogopa?"

Kwa majuma kadhaa nilisisitiza kwamba kila vazi jukwaani liwe halisi. Leo mfalme wangu ametawazwa akiwa na kaptula, na nisingebadili chochote.