Dada Amelipita Geti la Kazini Kwake

Shemeji,

Maharage yameiva, jiko nimezima. Watoto wachukue wewe saa nane, mimi namfuata mkeo.

Asubuhi nilimtania. Kwenye ramani ya simu yake, palipoandikwa "Kazini", nikaweka ule mji wa mbali tulikokwenda harusini. Nilijua kona ya kwanza tu atagundua, anitukane, tucheke. Njia ya hospitali si anaijua miaka tisa?

Shemeji, amelipita geti lenyewe! Mlinzi kampungia mkono, naye kampungia, kanyoosha. Saa nne ananipigia: "Mdogo wangu, simu inasema bado kilomita thelathini. Niendelee?"

Hata hakuuliza nani kaichezea! Zamu sita mfululizo, kichwa kimejaa, kila kitu kaiachia simu. Na hapo alikuwa anakwenda kupima dawa za vichanga.

Nimemwambia aegeshe, anisubiri. Akikuuliza, sema simu iliharibika. Hapana, hiyo nimeikata, nitamwambia mwenyewe nikiwa nimeshika usukani.

Mpigie matroni, mwambie haji leo. Kesho naye aking'ang'ania kwenda, ficha funguo za gari. Nakuomba, shemeji, zifiche kweli.

Shemeji yako mtundu