Kikapu Juu ya Jiko

Jumatatu, 18 Februari 1907

Siku tatu mlangoni kwa misheni kuomba mchele. Nimepewa kalenda! Kubwa, ya ukutani, ya Kijerumani. Haya. Nyuma ya kila karatasi ni peupe, na baba alinifundisha kuandika. Nitaandika.

Ghala lao limejaa hadi darini, nimeliona. Kengele mpya imetoka Ulaya, wanaume wanane waliibeba kutoka mtumbwini. Mtunza ghala ni Mshamu, jirani yangu hapa Salale, kabatizwa juzi tu. Anasema utaratibu ni huu: anayetaka mchele wa kwenda nao nyumbani alete mtoto alelewe kwao. Biasha wa nyumba ya pili amepeleka wanawe wote wawili. Mimi ninaye mmoja tu, Mwanawetu. Nikamwambia mwanangu habadilishwi kwa pishi ya mchele. Nikaondoka na kalenda yangu kichwani, shingo wima.

Jumatano, 20 Februari

Ming'oko tena, viazi mwitu. Tumechimba porini tangu alfajiri, mikono imechubuka. Mume wangu Abbasi alikwenda vitani Umatumbi na yale maji ya dawa ya kuzuia risasi, hakurudi. Mavuno ya mwaka jana wakayachukua askari. Lakini pishi tatu nilizificha! Mbegu ya mpunga, ule unaovumilia maji ya chumvi. Zimo kikapuni juu ya jiko, zinakula moshi wadudu wasiziguse. Salale nzima wamekula mbegu zao. Mimi sijala. Najivunia, nasema wazi.

Jumapili, 24 Februari

Mwanawetu ameanguka kando ya kisima. Njaa. Nikambeba. Nikashusha kikapu, nikavuta kinu, mchi ukawa mkononi — kengele yao ya ibada ikalia. Hasira zikanipanda! Nikakirudisha kikapu juu. Nimempa mchuzi wa kaa, amekunywa. Nimelia kidogo, jikoni, asinione.

Biasha alikwenda kuwatazama wanawe. Padri alihubiri kwamba maskini wana heri. Alihubiri ameshiba.

Alhamisi, 28 Februari

Leo nimecheka! Mshamu kaja mwenyewe, uso chini. Misheni wamelima bonde zima la mpunga, wamewatia kazini wote wanaopanga mstari kwao kupata bakuli la uji. Leo ilikuwa wasie mbegu. Mbegu haipo! Padri aliamuru mpunga wote utwangwe mapema, eti maganda yanajaza ghala bure.

"Nilimwambia, dada. Akasema mambo ya ghala nimwachie yeye."

Ghala la mchele mweupe, hata punje moja haioti! Mbavu zinaniuma. Akauliza kama kikapu changu kipo. Macho yake yalikuwa yameshafika juu ya jiko.

Ijumaa, 1 Machi

Padri kaja. Kofia mkononi, matope hadi magotini, magunia mawili ya mchele mtumbwini. Anataka pishi zote tatu. "Mama, sema unachotaka."

Nikasema. Nitasia mwenyewe, na miche igawiwe mabonde yote, la misheni na ya watu. Ghala lifunguliwe kwa kila mwenye njaa, anayesali kwao na asiyesali. Na watoto wa Biasha warudi kwa mama yao. Leo!

Akasema ghala tutaelewana, watoto ni jambo jingine, wameshaandikwa kitabuni. Nikamwambia akae mkekani afikiri. Mimi nilikaa mlangoni kwake siku tatu.

Mwanawetu kampelekea ming'oko kwa sahani. Mgeni ni mgeni. Ameshika kipande, anakigeuzageuza. Nimeingia ndani, naandika nyuma ya mlango, kikapu mapajani. Biasha amesimama uani, hamwondolei Padri macho.

Mwanawetu kaja kuninong'oneza: mama, magunia yananukia. Najua, mwanangu. Lakini kikapu sikitoi.

Mvua imeanza. Siku ya kusia ndiyo hii. Padri ameinuka, kavaa kofia — anaelekea kwa Biasha, au mtumbwini, kutoka hapa nyuma ya mlango sitambui.