Kovu la Bwana Radi

Jumatatu, 4 Februari 1974

Pindo za suruali saba. Vifungo kumi na viwili. Nimejichoma kidole mara mbili. Mama anataka nikae kwa Fundi Hamisi mpaka matokeo ya Kidato cha Nne yatoke, angalau nijue cherehani. Siongei sana. Fundi hanilazimishi. Kwa hilo nampenda.

Jioni baraza la Fundi lilijaa. Habari ni sinema tu. Mwenye mashine huja kutoka Kisumu mara moja kwa mwezi, na shuka la kuonyeshea ni letu. Fundi alilishona mwenyewe, vipande viwili vya kitambaa cha amerikani. Linatundikwa ukutani kwenye uwanja wa malori, naye husimama kando akitufasiria Kiingereza. Nusu anaitunga. Nimejua tangu Desemba na sijamwambia mtu. Maneno yake ni mazuri kuliko ya filamu.

Leo ilikuwa zamu ya kumzungumzia Bwana Radi, yule shujaa anayeruka. Sura yake ikijaa kwenye shuka, unaona kovu refu shavuni. Fundi alishatueleza: radi ilimpiga akiwa mtoto mchanga, amebebwa mgongoni. Mama yake analo pia, maana ni radi ileile moja.

Mama Zuhura wa duka la jirani anaijua hadithi hiyo kwa moyo. Yeye ana kovu la moto wa stovu, shavu lilelile. Zamani alikuwa akilifunika kwa leso hata akipima sukari. Siku hizi leso iko mabegani. Madereva wanamwita dada yake Radi, naye anawajibu kwamba kaka yake akija watakimbilia Uganda.

Jumatano, 6 Februari

Siku mbaya.

Ekirapa, dereva wa lori kutoka Malaba, alileta gazeti la picha alilopewa na mtu wa Tororo. Bwana Radi yumo, anacheka. Shavu laini kama yai. Wote wakasema kwa pamoja. Si yeye. Wamemweka mwingine. Ekirapa anasema Malaba wameshasikia: yule wa kwanza amekufa, alianguka akiruka. Wengine wanasema amezeeka tu. Filamu mpya inakuja Jumamosi na hawataki kuiona.

Mama Zuhura aliishika ile picha kwa muda mrefu. Akairudisha. Akafunga duka saa kumi na moja, na alipopita mbele yetu leso ilikuwa imepanda mpaka jicho.

Mwanzoni nilitaka kucheka. Nimejichukia.

Alhamisi, 7 Februari

Nilitumwa kupiga pasi shuka la sinema. Panya wametoboa pembe mbili. Nilipolitandaza nikaona mshono. Unashuka upande wa kushoto, mnene, umepinda kidogo katikati. Niliweka kidole juu yake nikakiburuta chini taratibu. Nikaelewa. Shavu. Mama yake Radi, shavu lilelile. Kila sura kubwa, mshono huangukia mahali palepale.

Fundi alikuwa ananitazama.

"Ulidhani sijui?" akasema.

Akanieleza huku akitia uzi kwenye sindano. Usiku wa kwanza wanaume waliuliza huyu shujaa amefanywa nini usoni, wakacheka. Mama Zuhura alikuwa amekaa mbele, amejifunika. Fundi anasema alifungua mdomo, hadithi ikatoka. Hakuipanga. Baada ya hapo hakuweza kuirudisha.

Pasi ilipoa mkononi.

Ijumaa, 8 Februari

Walitaka gazeti lisomwe, maneno yote, ijulikane ukweli. Walimpa Fundi. Alisema macho yanamuuma. Wote wakanigeukia mimi. Mtoto wa Kidato cha Nne.

Nilisimama. Mama Zuhura alikuwa mlangoni pa duka lake, amejifunika, anajifanya anafagia.

Nilisoma kimoyomoyo kwanza. Ni mtu yuleyule. Anapenda mbwa na kuogelea. Hakuna kovu popote. Nikawaambia ni yeye, hajafa, hajabadilishwa. Hiyo ilikuwa kweli.

"Na kovu je, dada?" Ekirapa akauliza.

Nilimwona Fundi akitazama sakafu.

"Watu wa magazeti humpaka mtu poda kabla ya picha," nikasema. "Wameliziba."

Ufagio ukasimama.

"Wajinga," Mama Zuhura akasema kutoka mlangoni. "Wamemharibu sura."

Watu walicheka mpaka Ekirapa akakaa chini. Akasema kumbe huyu msichana ana sauti, nao walidhani Fundi ameajiri picha isiyosema. Mama Zuhura alicheka pia. Leso ilianguka begani na hakuipandisha.

Nimedanganya mbele ya watu wengi. Nimejaribu kutubu na siwezi. Sina majuto ya kutosha.

Jumamosi, 9 Februari

Asubuhi Mama Zuhura alituletea zawadi. Shuka jipya kutoka dukani kwake, pana, jeupe, zima. Anataka kaka yake aonekane vizuri. Fundi alimshukuru sana.

Alipoondoka tulilitandaza mezani. Hakuna mshono hata mmoja.

Kisha Fundi akafunga mlango nusu, akanipa ncha moja nishike. Akapima kutoka ukingoni kwa shubiri, akarudia kupima. Nilimuuliza tutamwambia nini. Akasema tutamwambia upepo wa uwanjani hurarua shuka lisilo na mshono. Akachukua mkasi. Nilishika kwa nguvu ili kitambaa kisicheze.

Vipande viwili. Akaniachia cherehani mimi.

Ni mshono wangu wa kwanza mrefu. Katikati ulipinda. Nikataka kuufumua, lakini Fundi aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia, akasema niuache hivyohivyo.