Lehemu ya Mabomba

Weee uko wapi?? Soma hii!

Unamjua mjomba wangu, fundi bomba asiyeshaurika. Leo bintiye kasoma habari redioni kwa mara ya kwanza, na mjomba kajiundia antena mwenyewe ili amsikie.

Muuza redio alimwonya juzi: "Mzee, chukua lehemu ya redio. Hiyo yako ya mabomba, dawa yake ina asidi, inakula waya mwembamba." Mjomba akamcheka! "Kijana, nimeziba mabomba ya mtaa mzima. Kawaya kanishinde?"

Kamemshinda.

Mtangazaji anasema, "Na sasa, taarifa ya habari..." Mjomba katunyamazisha wote, halafu tap! Waya umechomoka palepale alipolehemu. Umelika, umekuwa kijani!! Redio ni shhhhh tu.

Kapanda stuli, kaushika kwa vidole, anaubembeleza: "Shika basi, shika baba." Shhhhh. Dakika kumi nzima! Ulipokubali kugusa, tukamsikia binti: "Asanteni kwa kunisikiliza." Basi!

Sasa binti anapiga simu. Mjomba kamsukumia mkewe simu, mkewe kamrudishia: "Pokea mwenyewe, bingwa wa mabomba."

Mwenzangu, inaita mara ya tatu. Mjomba anaitazama tu.