Vidonge vya Kaka Hosea

Tausi shoga, leo nimeaibika mpaka nimekosa pa kuuweka uso.

Nimempeleka kaka Hosea kwa daktari. Si unajua anavyosahau siku hizi, na miguu inavyoyumba hata asubuhi kabla hajaugusa mnazi.

Daktari kakishika kile kichupa cha vidonge, vile ninavyouza baada ya ibada. Kauliza, "Hivi vya nini?"

Hosea kajibu kwa fahari, "Vinakinga ubongo. Nikimeza viwili, nakunywa bila wasiwasi."

Bila wasiwasi, Tausi! Maneno yangu mimi hayo! Nilimwambia aliponikatalia kuacha pombe, nikaona heri hivyo kuliko hasara tupu.

Daktari kasema pombe ndiyo inayomharibia ubongo, na hakuna kidonge cha kumkinga huku anaendelea kunywa. Kauliza nani alimdanganya. Mimi nikainama, najifanya natafuta kadi mkobani.

Kisha akamwuliza, "Na huyu mama aliyekuleta ni nani yako?"

Shoga, mimi na Hosea tumenyonya ziwa moja. Kanitazamaaa.

"Huyu? Huyu ndiye anayeniuzia dawa."