Pongo Hawakufukuzwa na Mbwa

Schaerbeek, Brussels

Papa mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mwaka ule wa kiangazi kikali, ni mimi niliyeshusha ng'ombe wetu bondeni kwa pongo, wale swala uliokuwa ukiwalinda. Ulikuwa umenikataza. Lakini kule kilimani ng'ombe walitangatanga wakitafuta majani, nami nilitaka kukaa mahali pamoja nisome kitabu. Niliwashusha kila siku, wiki nyingi.

Sasa nikusalimu. Mgongo unaendeleaje? Na mama, bado anakohoa? Sisi hapa kwa tantine, dada yako, tu wazima. Theluji imeanguka, tramu zinachelewa, na tantine anatoka alfajiri kwenda kazini kuwahudumia wazee kule Woluwe.

Haya yote yalianzia shuleni. Mwalimu wa biolojia alimpa kila mmoja wetu mnyama aliye hatarini kutoweka, tumweleze mbele ya darasa. Mimi nilipata ayala wa milima ya Asia. Nilipomwambia tantine, aliacha kumenya viazi.

"Ayala? Ile tunaimbaka ku kanisa?"

"Ndiyo, tantine."

"Kumbe iko nyama ya kweli! Miye nilizania ni malaika ya mapembe."

Nilisoma kwamba theluji ikifunika majani huko juu, ayala hushuka mabondeni. Lakini wakikuta ng'ombe na mbuzi wa watu wamewatangulia, hawagombani nao. Hurudi kwenye miteremko mikali, kwenye baridi na chakula kidogo, na walio dhaifu hufa. Sentensi hiyo niliisoma mara tatu. Papa, kiangazi chetu ni kama majira yao ya baridi. Pongo wako waliposhuka kutafuta majani mabichi, walinikuta mimi na ng'ombe.

Walipotoweka bondeni, ulisema ni mbwa wa papa Kalume aliyewafukuza. Nilikuwepo ulipomwambia, "Usikanyage tena kwangu." Nikanyamaza. Tangu siku ile rafiki yako wa utoto hajanywa pombe ya kasiksi uani petu.

Darasani nilieleza habari za ayala. Mwalimu akauliza kama nimewahi kuona jambo kama hilo kwa macho yangu. Nikajibu hapana. Nilirudi kwenye kiti changu nikijua kwamba nimedanganya mara ya pili.

Nisalimie mama, na bibi, na dada Furaha anayenyonyesha. Mwambie kofia ya mtoto naifuma mwenyewe, ndiyo maana inachelewa.

Leo nilipotoka shuleni nilimpigia simu papa Kalume, nikamwambia yote.

"Ule mbwa alishakufaka," akasema. "Alikufa na jina mubaya. Bon. Ulishaambia papa yako?"

"Bado."

"Alors, unaniambia miye ya nini? Andika."

Nikaweka simu chini, nikaondoa vitabu mezani, nikaandika.

Mwanao,
Ombeni