Ramani Niliyoiita Giza

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nimezaliwa na bahati ya macho. Naandika hapa ili nikizeeka nijisome na kujionea wivu. Kuna waliopewa sauti, kuna waliopewa urefu, kuna waliopewa wajomba matajiri — mimi nimepewa macho. Nilipokuwa natia grisi mitambo ya meli nilikuwa naona boya kabla ya nahodha na darubini yake. Nahodha hakuwahi kukubali, lakini ndivyo.

Leo tena macho yamenitoa kimasomaso. Kwenye kundi letu la simu walituma ramani mpya ya Korido. Ndivyo tunavyoliita lile gemu la zamani la bunduki, la kutembea ndani ya majumba ya mashetani huku ukiona mkono wako tu na mtutu. Nililijulia melini, kwenye kompyuta ya fundi umeme. Waliolitengeneza walishaendelea na maisha yao. Sisi hatukuendelea. Watu bado wanachora ramani zao wenyewe, majumba mapya, milango mipya, wanatutumia kwenye simu. Na nani anazitolea hukumu? Ni huyu huyu aliyeiacha shule njiani! Alama zangu ni risasi, moja mpaka kumi. Nikikupa tisa unaweza kupeleka posa.

Ramani ya leo nimeipa saba. Mlango wa siri uko nyuma ya pipa, hakuna aliyeuona ila mimi. Nimemwandikia mchoraji kwamba taa zake zimekaa vizuri. Mchoraji anayejua kazi hakusukumi wala hakuwekei mishale. Anaweka taa pale anapotaka uende, nawe unakwenda ukidhani ni akili zako.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu anakunja nguo. Nikamsomea hukumu yote kwa sauti, kama kawaida yangu. Akasema huyo mchoraji amepata hakimu mpole. Sijui alinisifu au vipi.

Jumatano, 5 Machi

Shemeji kaja na mashine ya gemu ya zamani, ya kuchomeka kwenye televisheni, ameitoa kwa mtu anayehama. Ndani yake — Korido! Lile lile, ila limehamishwa kutoka kompyuta. Nimekuwa nikiandika hukumu za matoleo kama haya, maana kila mashine ililibana kwa namna yake. Hili wamelikata ngazi. Ukumbi wa pili umekuwa chumba cha kuwekea mifagio. Mashetani yanakuja yamekutazama tu, hayana mgongo, kama wapigwa picha za pasipoti. Mlango ukifunguka unakohoa. Lakini muziki! Muziki wameutengeneza upya, wa polepole, wa kutisha kweli. Kwa muziki peke yake naongeza risasi mbili.

Kasoro moja: giza. Nimeandika kwamba hawa wa mashine za televisheni walikuwa wanabana hata umeme. Shemeji akasema niongeze mwangaza. Nikamwambia nimeshausukuma mpaka mwisho. Akainama, akaangalia, akaona kweli uko mwisho. Kisha akaniangalia mimi. Kila mtu akanywa chai yake.

Ile ramani ya Jumatatu nayo ilikuwa giza kidogo. Ni mtindo umeingia. Watu wanafikiri giza ni ufundi.

Ijumaa, 7 Machi

Hukumu ya leo imechekesha kundi zima. Kuna binti anajiita Kinyonga, anashona mapazia kwenye duka fulani, ndiyo mara yake ya kwanza kuchora. Alisema amejifunza mwenyewe, jioni kwa jioni, na anaomba tumwambie ukweli. Basi nimempa ukweli. Risasi mbili. Nimeandika hivi: hii si ramani, hili ni gunia, nimevishwa kichwani na mlango sijaonyeshwa. Nimeandika pia kwamba niliupiga risasi ukuta nikidhani ni shetani, nikauomba radhi, nikaupiga tena. Watu wakacheka mpaka wengine wanatuma sauti za kucheka.

Mke wangu hakucheka. Nilipomsomea aliuliza huyo binti ana umri gani. Nikasema sijui, ramani haina umri. Akaendelea kupiga pasi.

Jumamosi, 8 Machi

Kinyonga amejibu. Hakutukana. Angetukana ningefurahi, matusi nayajua, nimezunguka bandari za watu. Amesema anashukuru, lakini taa ameweka kwenye kila kona, amezihesabu tena leo asubuhi. Akatuma picha ya ukumbi wa kwanza. Nimeitazama kwa karibu. Nimeitazama kwa mbali. Nimefuta kioo cha simu kwa shati. Naona dirisha moja hafifu katikati, na pembeni pote ni mkaa.

Nikawauliza kundini nani mwingine ameicheza. Hakuna! Walicheka kwa sababu mimi nimeandika. Mmoja akasema kwani hakimu akishasema kuna haja gani.

Basi binti akaandika kwamba ataiondoa, na kuchora ataacha, kwani labda yeye ni wa mapazia tu. Nikaandika jibu la utani. Nikalifuta. Nikaandika jingine, nalo nikalifuta.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini. Sitaki kuandika ila naandika.

Mimi ni dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na ninaposema dereva nina maana dereva — naweza kunyanyua trei ya mayai kwa zile pembe zake na yai lisijue. Leo nilikuwa narudi kinyumenyume kule nyuma, kwenye rafu za sabuni, penye kivuli. Nikageuka, nikatazama, peupe. Nikarudi. Ghafla kofi kubwa kwenye bati la mashine. Nikafunga breki, maboksi mawili ya juu yakaanguka.

Alikuwa Mrefu, mpakiaji wetu. Alikuwa upande wangu wa kushoto, amebanwa kati ya mashine na rafu, amenyanyua mikono kama anayepimwa suti. Mtu mrefu kama mlingoti! Akasema, taratibu, kwamba kama nilitaka nafasi yake ningeomba tu. Nikamwambia anatokea ukutani kama mashetani ya Korido. Tukacheka. Yeye akaacha kucheka mapema kuliko mimi.

Msimamizi akaja. Nikamwambia taa ya kule imeungua, haiwezekani mtu aone. Akamwita fundi umeme. Fundi akaleta ngazi, akapanda, akashuka, akafunga ngazi yake. Taa zote zinawaka.

Msimamizi akasema labda zinawaka na kuzima. Mtu mwema yule. Nikasema ndiyo, labda.

Jumanne, 11 Machi

Sikula. Mrefu ana mapacha. Aliwahi kuwaleta ghalani, nikawazungusha kwenye foklifti.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimerudi jua likizama, na kwa mara ya kwanza nimeingia nyumbani kwangu kama hakimu.

Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa kuwa nilisimama mlangoni, naogopa kuingia na uso nilionao. Nikawa natazama tu. Ngazi yetu ya mbele ina utepe mweupe ukingoni. Tangu lini? Kwenye ukumbi mwembamba wa kwenda chumbani kuna kitaa kidogo kimechomekwa chini, karibu na sakafu. Kile kigoda nilichokuwa nakipiga teke na kukitukana, hakipo, kimehamia nyuma ya kochi. Bafuni, penye ile sinki nyeupe na ukuta mweupe, kuna taulo jekundu limekunjwa ukingoni, nami kila siku mkono wangu unakwenda pale pale bila kupapasa. Mlango wa chooni umepakwa rangi kitasa. Kitasa tu!

Nikafuata taa kwa taa, alama kwa alama, mpaka jikoni. Taa kubwa kuliko zote ilikuwa juu ya meza, na kiti changu kimevutwa. Mke wangu amekaa upande wa pili anachambua mchele.

Mtu alikuwa amenichorea ramani. Na mimi, hakimu mkuu, nimeicheza muda wote huo nikidhani ni akili zangu.

Nikamuuliza utepe ule wa nini. Akasema wa watoto. Nikamwambia mama, watoto wetu wana ndevu na wanakaa mbali. Akaendelea na mchele.

Nikamuuliza tangu lini.

Akasema, "Tangu siku ile ulipoliamkia koti langu la mvua."

Nilicheka. Niliikumbuka. Koti lilikuwa limening'inia mlangoni, nikaliambia shikamoo mama mkwe, karibu, umekuja na usafiri gani. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, nami nikajifanya nilikuwa natania. Tangu hapo nimesimulia kisa hicho kwa watu kama utani wangu bora.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema ungeniletea kichekesho. Nikaona bora niweke taa." Kisha akasema kwamba hayo ya taa aliyasikia kwangu mwenyewe, kwani kila siku si namsomea?

Nikamsimulia habari ya Mrefu. Sikuwa nimepanga. Aliacha mchele. Alikuja akanishika kichwa akakiweka tumboni kwake, kama kichwa cha mtoto aliyeanguka. Mikono yake ilinuka vumbi la mchele.

Alhamisi, 13 Machi

Sikwenda kazini. Nilimpigia msimamizi nikamwambia tumbo. Akanipa pole, akaniambia ninywe maji mengi. Akasema foklifti anaendesha kijana mwingine leo, yule anayeivuta kama mkokoteni. Nikasikia uchungu — na nikasikia nafuu pia. Mrefu yuko salama leo.

Mke wangu amepata nafasi kliniki ya macho, Jumatatu asubuhi. Amesema twende wote. Nikamwambia mimi ni mtu niliyevuka bahari, njia ya kliniki naijua. Akasema anajua, lakini yeye anataka kutembea.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho nina zamu. Ufunguo wa foklifti uko hapa mezani karibu na karatasi hii. Tumbo haliwezi kuniuma milele.

Kinyonga ameandika kundini kwamba leo usiku ataifuta ile ramani. Nilipomsomea mke wangu, alifunga bomba la maji, akajifuta mikono, akaja kukaa mbele ya kompyuta, mahali pangu. Hajawahi kukaa hapo tangu niinunue. Akasema nimwonyeshe pa kubonyeza.

Kwa hiyo sasa hivi anacheza, nami nimekaa kando chini ya taa, naandika. Hajui kitu! Anatembea akigonga kuta. Shetani la kwanza lilipotokea alisema "samahani" na kurudi nyuma. La pili amelipiga risasi huku amefumba macho, akaniuliza kama limeumia. Nimefundisha watu wengi gemu hili, sijawahi kuona mtu anakufa kwa heshima namna hii.

Lakini anaona.

Anaona na kunisimulia. Anasema ukumbi wa kwanza si giza hata kidogo. Anasema yule binti ameweka madirisha pande zote mbili, na kila dirisha lina pazia. Nikamwuliza pazia vipi, ndani ya jumba la mashetani? Akasema mapazia kabisa, yenye mikunjo, mekundu upande mmoja na ya manjano upande mwingine, na mwanga unapita kwenye kitambaa na kumwagika sakafuni. Akasema hata pindo limeshonwa. Ameacha kutembea, anayatazama tu, na mashetani yanamkuta amesimama.

Hakuna mchoraji aliyewahi kufanya hivyo. Nimecheza ramani za watu wa kila namna, wote wanachora mawe na moto. Huyu ameleta mapazia. Ni risasi tisa hii. Ni kumi! Nami niliiita gunia, watu wakacheka.

Simu iko mkononi. Nimeandika "Kinyonga" na koma. Baada ya koma sijui. Nikisema nilikosea, watauliza nilikoseaje, hakimu mwenye macho yake. Kundini yumo shemeji. Na shemeji ana rafiki ghalani, na msimamizi atasikia kabla sijamaliza kunywa yale maji mengi. Nikinyamaza, usiku huu mapazia yote yale yanafutwa, na kesho napanda foklifti, na Mrefu yuko kwenye sabuni.

Ninaweza kusema kompyuta ilikuwa mbovu. Nimeshaiandika hiyo, kisha nimeifuta.

Amefika ukumbi wa mwisho. Ameacha kubonyeza, amenigeukia. Anasema upande wa kushoto kuna mlango mdogo, wazi kabisa, na taa juu yake. "Umeuona?"

Nimetazama. Nimegeuza shingo yote. Yeye ananisubiri, hana haraka, na shetani linamkaribia kwa nyuma wala hajali.

Ile bahati ya macho niliyojisifia ni uongo. Sijauona mlango. Sioni.